Jicho la Mbogo

Jumatatu, 11 Agosti 2014

Mjomba Omary kavunjika mguu. Bodaboda ilimwangusha Ijumaa akitoka msikitini. Sasa amelala kitandani na plasta mpaka gotini, na mimi ndiye niliyeumia zaidi.

Maana mjomba ndiye mchinjaji wa kambi ya uwindaji kule porini Moyowosi. Miaka kumi na moja. Mgeni anapiga risasi, mnyama anaanguka, mjomba anakimbia na kisu, bismillahi, anakata kabla roho haijatoka. Akichelewa, mnyama ni kibudu na Waislamu wa kambini hawali. Kampuni inataka mtu mwingine keshokutwa. Mjomba kawaambia: yupo mpwa wangu, Lukmani.

Lukmani ni mimi! Muuza vitenge sokoni Kasulu! Nimechinja kuku, na mbuzi wa Idi mara nne, na mbuzi wenyewe walikuwa wamefungwa miguu.

Nilijaribu kukataa. Mama akainuka. Alichukua kisu cha mjomba, akakizungushia kanga yake ya zambarau, akaniwekea mkobani. Halafu akasema mjomba wako ndiye aliyekusomesha. Basi, maneno yakaisha.

Nimenunua daftari hili jipya. Mikono yangu ikishika kalamu haitetemeki sana.

Jumatano, 13 Agosti

Nipo kambini. Naandika nikiwa hai, alhamdulillahi.

Tulipita kijiji cha Kagerankanda mapema. Baada ya hapo mashamba ya mihogo yakawa machache, machache, kisha hakuna mtu tena. Miti tu. Mbung'o wanapenya suruali ya jinzi kama hawaioni. Khamisi dereva, mtu wa Ujiji, alikuwa anaimba njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu mara ngapi gari limekwama, nikijua nikitaka kutoroka nitarudi kwa miguu.

Mahema yako kando ya mbuga yenye maji na matete. Choo kiko hatua arobaini na mbili kutoka hema langu. Nimezipima mara mbili. Jua halijazama, simba akaunguruma upande wa choo. Nikaghairi.

Mwindaji mkuu ni Bwana Kalisto, wa Arusha, mtu wa maneno machache. Mgeni ni mzee mmoja wa Kanada, goti lake bovu, mpole sana. Anayesoma nyayo ni Bazilio, Muha wa Kitanga, mwembamba, fimbo ndefu mkononi, rozari shingoni, na kofia nyekundu ya sufu ambayo haivui hata jua likiwaka. Aliniangalia viatu, akacheka. Karibu Shekhe, akasema, hivyo ni vya harusini.

Mimi si shekhe. Nilimwambia. Ameendelea kuniita Shekhe.

Ijumaa, 15 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Asubuhi mgeni alipiga nyamera, safi kabisa, bega la kushoto. Bwana Kalisto akanigeukia: haya. Nikaenda. Lakini majani upande ule hayajachomwa moto, yanafika kiunoni, na mimi nilikuwa nawaza nyoka. Kila hatua naangalia chini. Nilipofika, Bazilio alikuwa ameshagusa jicho kwa ncha ya fimbo. Halikupepesa. Amekufa, akasema, pole.

Sikuweza kudanganya. Mkono unaweza kukata shingo ya maiti, lakini baadaye watu wanakula kwa neno langu. Nikasema: kibudu.

Mchana wenzetu wamekula maini ya kuchoma, harufu imejaa kambi nzima. Sisi Waislamu wanne, maharage. Khamisi alikuwa anatafuna huku ananitazama. Mjomba wako, akasema, alikuwa anakimbia na miaka yake sitini. Wewe unatembea kama bibi harusi anaingizwa ukumbini! Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, lakini moyoni iliniuma sana.

Mara nyingine nitakimbia. Naapa.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo hakuna kuwinda, goti la mgeni limevimba. Bazilio amenichukua chini ya mninga, akanifundisha kazi ya mjomba. Nayaandika yasinitoke.

Mbogo si nyamera. Mbogo akianguka, usiamini. Kwanza risasi ya pili, hata kama amelala. Halafu Bazilio anamwendea kwa nyuma, upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu, anagusa jicho kwa fimbo. Jicho likipepesa na kichwa kikatikisika, rudi, risasi nyingine. Likipepesa kidogo tu na mwili umelegea, hapo Bazilio anavua kofia nyekundu. Kofia ikivuliwa ndipo mchinjaji anakuja. Si kabla.

"Bwana Kalisto anataka jicho lisipepese," akasema. "Weye unataka lipepese. Kazi yako iko hapo katikati, Shekhe. Ni padogo. Omary alikuwa anapajua."

Nikamuuliza kama mjomba aliwahi kuogopa. Akasema Omary alikuwa anaogopa kila siku, tena alikuwa anatapika kabla ya kutoka. Kumbe! Miaka yote hiyo anatusimulia nyumbani kama simba wa vita!

Nilijisikia nafuu kwa kama saa moja.

Jumapili, 17 Agosti

Bazilio amesali rozari peke yake nyuma ya jiko. Mgeni katuonyesha picha kwenye simu yake, mnyama wanayemwinda kwao kwenye theluji. Mkubwa kama pofu wa huku porini, pua ndefu, na pembe zake kama amebeba kichwani makarai mawili yaliyochanika. Khamisi akauliza kama analiwa. Analiwa. Nani anachinja? Mgeni hakulielewa swali.

Kesho mbogo. Bwana Kalisto kasema.

Mulenda mpishi, Mkongomani, aliniona sigusi ugali. "Kula, yaya," akaniambia, kwao ndiyo kaka. "Na njaa utaogopa mara mbili. Kuraji!" Yaani nijipe moyo. Nimekula matonge matatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mungu anisamehe.

Saa tatu tuliwapata, madume wawili wazee, wamelala kivulini karibu na matete. Upepo ulikuwa wetu. Mgeni alipiga mkubwa, mwenzake akatimka. Mbogo alipiga magoti, akaanguka ubavu, vumbi likapanda. Akatoa mlio mrefu. Nilidhani ndio roho inatoka.

Na mimi kichwani nilikuwa na maharage. Maharage na bibi harusi! Nikaona jicho lake linazima na mimi niko hatua thelathini nimesimama kama mlingoti. Nikachomoka.

Nilimpita mgeni. Nilimpita Bazilio. Nilisikia mtu anasema oya, oya! Kisu mkononi, bismillahi mdomoni. Nilifika karibu kabisa, nikaona nzi kwenye pua yake. Halafu jicho likanitazama. Halikupepesa kidogo. Lilinitazama mimi.

Akasimama.

Nilianguka chali. Bwana Kalisto alikuwa ameinua bunduki lakini hakuweza kupiga, mimi nilikuwa katikati. Mbogo alinipita hivi, kwato zilitupa udongo usoni mwangu, akaingia kwenye matete. Damu nyingi kwenye majani. Halafu kimya.

Kisu kilikuwa bado mkononi. Suruali imelowa, na si kwa umande. Naliandika kwa sababu hapa hakuna wa kusoma.

Bwana Kalisto hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa: nani amempa ishara huyu?

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini Bazilio alikuwa ameshasema: "Mimi, Bwana. Nilivua kofia. Nilidhani amekwisha."

Hakuvua! Kofia haikutoka kichwani! Mgeni hakuona, alikuwa anaweka risasi. Bwana Kalisto hakuona, alikuwa anamtazama mbogo. Nilijua mimi tu, na Bazilio.

Bwana Kalisto akamgeukia. Kisha akasema tutamfuata kesho, na kwa kawaida yeye mwenyewe hutangulia na bunduki, Bazilio nyuma yake. Sasa basi. Utatangulia wewe na fimbo yako, mbele yangu, mpaka tumpate. Mbogo aliyejeruhiwa haachwi porini. Ni sheria, na hata isingekuwa sheria, warina asali wamo humu.

Bazilio akajibu ndiyo Bwana.

Na mimi? Nilikuwa nafuta udongo usoni.

Jumanne, 19 Agosti

Tumefuata damu tangu asubuhi. Bazilio mbele, hana kitu ila fimbo. Hatua tano, anasimama, anasikiliza. Hatua tano tena. Mimi nyuma kabisa, namwona mgongo wake, shati limeshikana na jasho. Akikanyaga kijiti, moyo wangu unaruka.

Saa nne alituonyesha alama. Mbogo alikuwa amezunguka, amerudi kando ya njia yake mwenyewe, amesimama hapo kichakani akisubiri tupite. Majani yalikuwa bado yanainuka. Alikuwa hapo sasa hivi. Alituona, akaondoka tu kwa sababu upepo uligeuka.

Nikasimama pale pale. Bwana Kalisto alinisukuma kwa kiwiko.

Mchana tukatokea kwenye kambi ya warina asali, watu wawili wa Kitanga wanatengeneza mizinga ya magome. Mmoja, Pasikali, ni shemeji yake Bazilio. Damu imepita hatua mia mbili kutoka pale wanapopikia! Bazilio aliwaambia kwa Kiha wapande juu ya miti na wasishuke mpaka waite, yeye awajibu. Pasikali akamuuliza kwa nini anatangulia na fimbo tu. Bazilio akacheka, akanitazama.

Tulirudi jua likiwa kwenye miti. Nilimfuata Bazilio anakonawa. Nikamuuliza kwa nini, Kaka Bazilio? Kwa nini umesema ni wewe?

Akaosha mikono taratibu. Akasema ungefukuzwa, na kampuni ingetafuta mchinjaji mwingine wa kudumu, Omary akipona asingekuwa na pa kurudi. Omary alinibeba mgongoni nilipoumwa na nyoka, akasema. Kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Na njia nzima ananitukana nisilale.

"Lakini kesho utaniua," nikamwambia. Nilitaka kusema nitakuua. Ulimi uliniponyoka. Hata hapo nilijifikiria mimi kwanza.

Akanipa mpango. Kesho nitapanda mti, sina bunduki, sina kazi chini. Yeye na Bwana wataingia. Mbogo akianguka na jicho likiwa sawa, ataniita Shekhe. Nishuke, nije na kisu. Akiniita kwa jina langu, Lukmani, basi mambo ni mabaya.

"Ukisikia Lukmani, weye kaa juu. Usishuke hata kidogo. Umesikia, mdogo wangu?"

Nimesikia.

Halafu nilikwenda kwenye hema la Bwana Kalisto. Nilisema moyoni, sasa hivi, namwambia kweli, atangulie mwenye bunduki. Nilisimama mlangoni. Akainua kichwa: unasemaje?

Nikamwomba betri za tochi.

Akanipa mbili. Nikamshukuru. Nikarudi na betri zangu. Mimi ni mtu gani?

Jumatano, 20 Agosti

Saa mbili asubuhi. Nimetapika kama mjomba. Bazilio kapitia hema langu, akanisalimia kwa Kiha, mwakeye Shekhe, kana kwamba tunakwenda sokoni. Kofia yake imechanika upande, sikuwahi kuliona hilo. Mkewe, Epifania, ndiye aliyemfumia. Wana watoto watano. Kwa nini ameniambia leo? Nilikuwa nimekwisha amua kusema tukifika pale tulipoiacha damu jana. Tumefika, sikusema.

Saa nne kasorobo. Niko juu ya mti. Ni mti uitwao mtundu, mnene, panda yake inanitosha kukaa. Kisu kiko kwenye kanga ya mama, nimekifunga kiunoni. Mgeni kabaki kwenye gari na Khamisi na askari wa wanyamapori anayefuatana na kila mgeni, mbali kule, goti limemkatalia. Chini yangu ni kichaka kizito cha miiba, halafu matete. Damu imeingia humo. Bazilio kaingia humo, Bwana Kalisto nyuma yake hatua nne.

Kutoka hapa naona majani yanavyotikisika. Na mara moja moja, nyekundu. Kofia. Inakwenda, inasimama.

Saa nne na robo. Nyekundu imesimama muda mrefu.

Nimeshamwona. Ya Rabbi, nimeshamwona! Si mbele yao, yuko kushoto, nyuma ya kichuguu, mweusi, kichwa chini. Wao wanafuata damu moja kwa moja, yeye amezunguka tena. Wakipita hapo atawatokea ubavuni. Nikipiga kelele, atakwenda kwao au atakuja kwangu? Nikikaa kimya

Nimepiga kelele. Kushoto! Kushoto, kichuguu! Sauti imetoka kama ya mtoto.

Risasi moja. Miti imekatika. Mlio ule ule wa juzi. Risasi ya pili. Kitu kizito kimekimbia kwenye matete, au kimeanguka, sijui, vumbi limefunika kila kitu. Kofia siioni.

Saa nne na nusu pengine. Sina hakika, kioo cha saa kimepasuka nilipokuwa najishikilia.

Naandika nini mimi? Mikono. Nikiacha kalamu, mikono hii itaachia mti.

Bwana Kalisto anapiga kelele kutoka upande wa kulia. Anasema asishuke mtu! Asishuke mtu, mbogo simwoni! Yuko mbali na pale walipokuwa. Kwa nini yuko mbali? Kwa nini yuko peke yake?

Namwita Bazilio. Hakuna jibu.

Warina asali nao wanaita kutoka kwenye miti yao kule, kwa Kiha. Hawajibiwi.

Sasa naona kitu chekundu. Si mahali pa kofia. Kiko chini, chini sana, karibu na kichuguu. Kinasogea kidogo.

Kaniita.

Si Shekhe. Lukmani, kasema. Sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuomba chumvi.

Makubaliano yanasema nikae juu. Nimeahidi. Mtu mwoga kama mimi hakuwahi kupewa amri nzuri kuliko hii, kaa juu, usishuke hata kidogo! Na Bwana Kalisto naye anasema hivyo hivyo. Hakuna atakayenilaumu. Nitarudi Kasulu, nitauza vitenge, nitapeleka rambirambi Kitanga kwa Epifania, na atanipa kiti nikae, kwa sababu hajui.

Nimemwambia Bwana Kalisto. Hapa hapa, kwa kelele, nimekumbatia mti. Ni mimi! Jumatatu ni mimi! Bazilio hakuvua kofia! Hajajibu. Labda hakusikia. Labda amesikia na haoni kama ni wakati wake.

Lukmani, tena. Safari hii imeishia katikati.

Matete yanatikisika upande wa maji na hakuna upepo.

Damu ya mtu inafungwa na nini? Shuleni walitufundisha, kitambaa, juu ya jeraha, kaza. Kanga ya mama ni ndefu, inatosha mara mbili. Nimekifungua kisu, nimekichomeka hapa kwenye panda ya mti. Leo hakuna wa kuchinjwa na mimi. Daftari linabaki nacho.

Kanga nimejizungushia shingoni. Nashuka.